Mkanda wa Njano

Zamu ya usiku, kiwandani Quilicura,
tuko wawili kwenye mstari wa nne:
mimi, na Yasna anayetafuna maganda ya ndimu
asije akasinzia.

Vidonge vyatoka sinia moja.
Hadi saa nane vinaingia boksi la buluu
lenye jina la kifahari, kama meli ya watalii.
Saa nane kengele inalia,
tunasugua mashine, tunabadili roli la karatasi,
na ndugu zao wa tumbo lile lile
wanavishwa boksi jeupe, mkanda wa njano,
na neno moja kavu: setralini.

La buluu, peso elfu thelathini na mbili.
Jeupe, elfu nne.

Lakini mama yangu, Otilia,
ambaye usingizi ulimhama
tangu baba alipoacha miwani mezani asirudi,
alilishika lile jeupe
kama aliyepokea barua ya jirani.
"Hiki hakinijui," alisema.

Nikamchorea sinia nyuma ya bili ya gesi,
mishale miwili, buluu huku, nyeupe huku.
Alisikiliza kwa adabu hadi mwisho,
vile mtu anavyosikiliza hali ya hewa
ya mji asiokaa.
Wiki ya pili akaacha kuchana nywele.

Basi nikaiba.
Boksi tupu la buluu, lililotemwa na mashine
kwa kuwa kona yake ilipinda.
Nikahamishia humo vidonge vya elfu nne,
nikaliweka karibu na birika, nikanyamaza.

Akameza. Siku zikapita, nyingi, za kijivu.
Jumapili moja mvua ilinyesha
na nikaamshwa na harufu ya mafuta:
mama, nywele zimesukwa,
anakaanga maandazi ya boga.

Nilimwacha ale kwanza, ndipo nikaungama.
Hakugeuka.
"Mgongoni mwa vidonge," alisema,
"kwenye ile karatasi ya fedha,
pameandikwa setralini mara kumi.
Macho ninayo."

Mara kumi. Na chapa ile
naipiga mimi, kwa mkono huu.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ile."
Akageuza andazi, likachachatika.
"Ila ulikuwa umejisumbua na boksi."

Sasa kila mwezi nanunua jeupe,
tunahamisha pamoja, mezani, bila siri.
La buluu limechakaa, jina limefutika nusu.
Nilimletea jipya, limenyooka kona zote.
Amewekea vifungo.