Mshazari wa Tudual

Naanza kwa sarafu.
Senti hamsini iliyolika ukingo.
Nagonga ngozi ya bawa kutoka nchani:
ti, ti, ti, ti,
kisha, karibu na shina la mlingoti,
bu.
Hapo ndipo palipokufa.

Ewen ananitazama mdomo, si mkono.
Ana miaka kumi na saba na suti ya mpira inayochuruzika
kwenye sakafu niliyoifagia sasa hivi.
"Niligusa tu," asema.
Wote waligusa tu.
Hapa Plouharnel maji yakipwa
meza za chaza huinua vyuma vyao kimya kimya,
na kijana aliyenyanyuka juu ya maji kwa kasi ya pikipiki
hasikii ila upepo,
mpaka asikie.

Waliosema tuzibe ufa tusije tukajenga ukuta
hawakuwahi kuletewa ufa wa karboni.
Huu haupayuki. Juu ni unywele,
ungeupangusa kwa kidole ukidhani uchafu;
chini, matabaka yameachana
kama ndugu waliogombania shamba
na bado wanalala nyumba moja.

Wiki mbili, nikamwambia. Nenda.

Siku tatu za kwanza ni za kutoa maji.
Suuza, taa, mizani:
gramu mia tisa na kumi na nne,
na kumi na moja,
na tisa,
na tisa tena. Basi.

Kisha barakoa, glavu, msasa wa themanini.
Vumbi hili jeusi halina urafiki,
likikuingia shingoni utajikuna mpaka Ijumaa.
Nakwangua tabaka la kwanza, la pili,
kila moja nikiliachia ukingo wake,
ngazi pana za kushukia jerahani.

Kwenye la tatu nikasimama.

Palikuwa na kiraka.
Si changu. Cha zamani, kimefunikwa rangi,
nyuzi zake zimelalia kushoto,
digrii tano hivi, kosa la mkono mmoja tu ninaoujua.
Tudual hukata kwa mkono wa kushoto.

Miaka sita tulishiriki meza hii.
Tuligombania mshazari: yeye alisema
kwa kila milimita ya unene, kumi na mbili za mteremko zatosha.
Mimi nikasema ishirini.
Akasema natibu mabawa kana kwamba ni ndege za abiria.
Nikasema maneno mengine
yasiyohusu karboni.
Akaenda Ureno na pampu nzuri,
akaniachia hii inayokohoa.

Nikachukua sarafu, nikagonga kiraka chake.
Ti, ti, ti.
Nikagonga tena, polepole, nikitafuta, nakiri,
nikitafuta bu.
Ti.
Ufa ulifika ukingoni mwake,
ukapinda, ukapita kando.

Kumi na mbili.

Ningeweza kukikwangua. Nani angejua?
Nikapima resini, mia kwa ishirini na nane,
nikakoroga taratibu nisiamshe mapovu,
nikalaza kitambaa kipande kwa kipande,
cha kwanza kadiri ya kiganja,
na vyangu, pale vinapokutana na chake,
nikavigeuza digrii tano kushoto.
Mfuko, utepe, pampu.
Ikakohoa, ikavuta. Plastiki ikanata
kama shati lililolowa mgongoni.
Mahali fulani panavuja: sss.
Nikatembeza sikio hadi nikakipata,
kitundu kidogo kuliko punje ya ufuta,
nikakikandamiza kwa dole gumba.
Joto la digrii sitini, usiku kucha.
Nililala kitini, maana pampu hii haiaminiki.

Asubuhi sarafu haikuweza kutofautisha
anapoishia yeye, ninapoanzia mimi.

Ewen akaja na noti zimekunjwa ndani ya soksi.
"Litashika?"
Nikampa jedwali la maji kupwa na kujaa,
lile linalogawiwa bure dukani kwa chambo.
Akacheka. Mimi sikucheka.

Kwenye stakabadhi niliandika saa kumi na moja,
kisha nikakata tatu.
Aliuliza kwa nini.
Zilishafanyika, nikasema.