Kofia ya Tatu

Ukurasa wa Bi Mwanaesha ulikuwa na kofia kumi na mbili,
na kila kofia ilibeba megabaiti saba.
Nilizipiga picha mwenyewe, asubuhi, barazani kwake Langoni,
kwa kamera ya kuazima, nikiringa:
kila uzi unahesabika, nikasema,
hata vumbi la kwenye ukucha.

Kisha dadake, Bi Khuleitha, akaufungua akiwa Faza
kwa bando la shilingi ishirini.
Picha ikashuka kama pazia linaloteremshwa na mtoto:
kwanza ukuta, kisha ukuta tena,
kisha ukingo wa juu wa kofia ya kwanza,
bando likaisha.
"Nimeuona ukuta wenu," akaandika kwa simu ya jirani.
"Mmeupaka chokaa?"

Aibu ina uzito. Yangu ilikuwa megabaiti themanini na nne.

Usiku nikakaa nazo.
Simu ya Faza ni kiganja, nami nimempelekea
jamvi la msikiti mzima alikunje mwenyewe.
Nikapunguza upana, elfu nne hadi mia nane.
Nikakata ukuta.
Nikafuta yale ambayo picha huyabeba kimyakimya:
saa, jina la kamera, na mahali hasa nyumba iliposimama
(mnunuzi anataka kofia, si ramani ya mlango wa mjane).
Zile za chini nikaziambia zisubiri
hadi kidole cha msomaji kizifikie,
kama sinia za pili karamuni,
hazitoki jikoni kabla ya za kwanza kuguswa.

Halafu nikalewa kukata.
Ubora tisini. Sabini. Hamsini.
Thelathini!
Ukurasa ukafunguka kabla sijapepesa,
nikaukimbiza kwa mwenyewe kabla ya chai.

Bi Mwanaesha akaivuta simu karibu na mato.
Akanyamaza muda wa kutunga uzi sindanoni.
"Hivi si vitobo vyangu," akasema.
"Huu ni uji."

Kweli. Mashine haijui kitobo.
Iliona nyeupe karibu na nyeupe,
ikasema hawa ni ndugu, walale kitanda kimoja,
na miezi minne ya ncha ya sindano
ikalala humo, imefunikwa shuka.

Nikarudi.
Sitini: uji mwepesi.
Sabini: vitobo vinaanza kupumua.
Sabini na nne nikasimama,
nikajaribu sabini na tatu, vikafumba,
nikapanda tena.
Usiniulize kwa nini nne.
Kilobaiti tisini kila kofia, na macho yangu mekundu.

Ijumaa, watu wametoka kuswali, ujumbe ukaingia kutoka Faza:
"Zimefika zote, na salio limebaki.
Kofia ya tatu, mstari wa pili, kushoto,
umeruka kitobo.
Ulikuwa na homa?"

Bi Mwanaesha akaitoa kofia kabatini,
akaigeuza dirishani, akaigeuza tena,
akacheka mpaka miwani ikamdondoka mapajani.
Miezi minne mikononi mwake, hakuliona kosa.
Mimi na megabaiti zangu saba, sikuliona.

Akakata uzi kwa meno.
"Kamera uiazime tena," akasema.
"Lakini si leo.
Leo nafumua."