Sasa Nigombane na Nani

Amekufa Semeni wenu, Ghania,
siku ya tatu baada ya arobaini ya Zaina wetu.
Habari imenikuta Mabela, foleni ya petroli,
joto nyuzi arobaini na sita,
kijana wa pampu ananigongea kioo:
mama, sogea.
Nikasogea. Sikujua nasogea kwendea wapi.

Miaka thelathini na moja, shoga,
sisi wa kijani, nyinyi wa zambarau.
Harusi ya binti Muhenna, kule Sibu, unaikumbuka?
Zaina kaipandisha sauti mpaka feni zikaona haya,
wewe ukainuka kwenda kunawa mikono.
Kunawa! Na sahani hazijatoka jikoni.
Na mimi, Mungu anisamehe,
Semeni alipopanda jukwaani Ruwi na mafua yake
nilimtunza nusu riali,
nikaikunjua vizuri, nikaishika juu,
watu waone kuwa ni nusu.

Ukanijia na kanga: KISIMA HAKISHINDANI NA NDOO.
Nikaagiza Dar, nikangoja wiki tatu silali,
nikakupita mlangoni na yangu:
NDOO NDIYO IJULIKANAYO NYUMBANI.
Ulicheka kwa pembe ya mdomo. Niliona.

Mwanangu Azzan anasema, mama,
hao wawili mbona wanaimba sawasawa.
Kiswahili chake ni cha kuombea chai.
Wajukuu hata hicho hawana.
Basi ukifa na wewe, Ghania,
nani atajua kwamba nimetukanwa?

Nikwambie siri, maana mwenyewe keshazikwa.
Kila Alhamisi nikienda Nizwa kumtazama mama
nikishaipita Fanja nilikuwa nafunga vioo,
namtia Semeni wako.
Kanda nilinunua Matrah, kwa Mhindi wa saa,
nikamwambia ni ya jirani.
Ile ya mtu aliyeacha kiatu kimoja mlangoni,
pale kabla ya ubeti wa mwisho
anapovuta pumzi,
pumzi tu, neno bado,
hapo nilipunguza mwendo. Malori yakinipigia honi.
Na usiku ule niliporudi, mama nimemwacha mchangani,
ni pumzi ile niliyoitafuta.
Sikumtafuta Zaina.
Nisamehe, Zaina, wewe ulikuwa wa harusi.

Kanda yenyewe iliungua na jua la Julai
juu ya dashibodi, nimeingia sokoni kidogo tu.
Sasa ukiitia Semeni anaimba kwa sauti ya bawabu
aliyeamshwa usingizini.
Sikuitupa. Na ile penseli ya kuzungushia
bado imo tunduni.

Leo nimekuja matangani kwenu.
Nimevaa nyeusi kama watu wote,
kijani nimekiacha kabatini, na zambarau sikuiona.
Navua viatu, chumba kizima kikanyamaza,
mwenye buli la kahawa akasimama nalo hewani,
wanangoja tusemezane nini.
Macho yako mekundu, umekonda.
Ukasogea zuliani, ukanipa nafasi ya mtu mmoja,
ukanisukumia sahani ya tende.

Tukakaa.
Kiyoyozi kinanguruma, wanawake wanasoma,
nami natafuta neno la rambirambi
lisilofanana na ushindi, lisilofanana na deni.
Wewe ukaniinamia sikioni:
"Lakini Zaina wenu, na Mungu amrehemu,
ile sauti ya juu hakuifikia hata siku moja."

Moyo wangu, Ghania, ukakaa mahali pake.
Nikaitema kokwa kiganjani.
"Msibani hapasemwi uwongo," nikakwambia,
"na Sibu ulikwenda kunawa, ungesikia wapi?"

Tukabishana hivyo, kwa kunong'ona,
mpaka ikaadhiniwa alasiri.