Miimo ya Milango

Katika nyumba ya Yankton ipo alama moja
ya penseli, kwenye mwimo wa mlango wa jikoni:
Janelle, miaka minne.
Ya Hutchinson inasema sita.
Kule Lima, Ohaio, ziko mbili,
maana tulikaa hadi mwaka wa pili.
Ukitaka kujua nilivyorefuka
itakubidi ubishe hodi kwa watu wasiotujua
katika majimbo matano.

Baba alianza kwa kufua.
Hilo halimo katika wasifu wake.
Verlyn Hoekstra, mwanafunzi asiyejaliwa kuruka,
alifua jezi za waliojaliwa,
na usiku akakaa na mikanda ya video,
akirudisha nyuma, akirudisha nyuma,
hadi akaona jinsi goti linavyomchongea mwenyewe
kabla mpira haujatoka mkononi.

Kisha kocha msaidizi, wa tatu kati ya watatu.
Mshahara ulikufa tarehe kumi na tisa.
Basi dogo la chuo, na dereva ni yeye:
maili mia tatu za theluji kwenda kufungwa,
mia tatu kurudi, vijana wamelala midomo wazi,
naye anahesabu taa za mashamba
asije akasinzia.

Mama aliacha kufungua makasha yote.
Lile la vikombe vya harusi
lilihama nasi likiwa na gundi yake,
likazeeka bila kuonja chai.

Usajili ndio uliompandisha.
Aliketi majikoni mwa akina mama wa Gary na Toledo,
akala sahani ya pili, akasifu mchuzi,
akasema, "Nitamtunza kama wangu."
Usiku mmoja nilimsikia akiyasema hayo kwenye simu.
Nilikuwa na homa, kitambaa kipajini.
Sikuona wivu.
Hapana, naongopa.

Arobaini na nne alipotimiza, wakampa timu.
Kocha mkuu! Chuo kidogo kilimani,
ukumbi unaonuka bisi na sufu iliyoloa,
mashabiki mia sita, nusu yao wachungaji na wake zao.
Msimu wa tatu walitwaa ubingwa wa kanda,
akapanda ngazi na mkasi, akaukata wavu,
akaniletea uzi mmoja ndani ya bahasha ya benki.
Ninao hadi leo. Umekuwa wa kijivu.

Simu ya chuo kikuu ikaja kabla bahasha haijachakaa.
Ukubwa ni jaa:
kila mwenye taka zake alikuja kuzimwaga kwake,
mfadhili wa viti vya mbele, mjomba wa mlinzi wa akiba,
redio ya asubuhi, kinyozi.
Nyumba ilikuwa na vyoo vitano
na miimo ya chuma.
Penseli iliteleza.
Baba akasema tutajaribu na kalamu ya wino,
kisha simu ikalia.

Miaka minne. Ushindi arobaini na saba, vipigo sabini na kimoja.
Mkurugenzi wa michezo alimwita Machi, dakika kumi na moja,
na kadi yake ya mlangoni ikakataa
kabla hajafika kwenye gari.
Koti lilikuwa limebaki ndani. Mvua ya barafu.
Aliyemtolea ni kijana wa kufua jezi,
akakimbia nalo mikononi, hajui aseme nini,
akasema, "Kocha, mfukoni kuna filimbi."

Sasa yuko Nebraska, chuo cha miaka miwili,
timu ya wasichana. Basi dogo analiendesha yeye.
Nilimkuta amekalia ndoo iliyopinduliwa,
msichana mrefu anarusha mirusho huru, anakosa, anakosa,
na baba hasemi kitu, anamrudishia mpira tu
kwa mdundo mmoja, kila mara mdundo mmoja.

Amepanga nyumba ndogo ya mbao.
Kasha la vikombe liko gereji.
Jioni akaniambia nivue viatu,
nisimame wima pale mlangoni.
Nina miaka thelathini na moja.
"Sirefuki tena," nikamwambia.
"Najua," akasema,
akitafuta penseli mifukoni.