Namba Ubavuni

Niliinunua Gikomba, kwenye kilima cha vyuma,
kati ya pampu ya baiskeli na sufuria zisizo vitako.
Mbaluka aliitundika kwenye mizani kama maini:
kilo moja na robo. "Shaba ni shaba, mwalimu," akasema.
"Historia sikutozi."

Nyumbani Kaloleni nikaitandikia gazeti,
nikaipaka ndimu na majivu, nikasugua taratibu
hadi namba ikajitokeza ubavuni mwa pistoni ya pili:
saba, tatu, nne, kisha kovu, kisha nane.
Kovu ni la nyundo. Mtu alinyosha bonde
akafuta tarakimu.
Sikumkasirikia. Aliyeniibia mwaka
ndiye aliyeniachia korneti.

Mdomoni mwake mpana, Pargeter na Wanawe,
na medali sita za maonyesho, zimechorwa kwa sindano.
Ya mwisho ni ya elfu moja mia tisa na nane.
Basi kabla ya hapo haikuwapo;
hakuna ajisifuye kwa tuzo asiyoipata bado,
labda wanasiasa.

Nikaandika barua mpaka mji wa Pargeter.
Jibu lilikuja kwa adabu, mistari saba:
kiwanda kilifungwa, siku hizi huuzwa vitanda humo;
daftari za namba zililowa katika mafuriko,
zilizopona zinaruka kutoka elfu sitini
hadi elfu themanini.
Kadiria, wakaniambia,
kati ya mwaka wa tisa na wa ishirini na sita.

Miaka kumi na saba!
Ndani yake mtoto huzaliwa, huota meno mara mbili,
huvunja sauti, huanza kuulizia kitambulisho.

Nikarudi kwa shaba yenyewe.
Nikapuliza. Ikapatana na kinanda cha kanisa,
na haikupaswa kupatana:
wenzake wa rika lile walifuliwa kwa sauti ya juu,
hukipita kinanda kidogo tu,
kama mtu aliyepandisha mabega kwenye picha.
Nikachomoa mrija wa mbele.
Hapo.
Vipande viwili vya nyongeza, kila kimoja upana wa vidole viwili,
shaba nyekundu kuliko mama yake, yenye mshono:
bomba la jiko la mafuta ya taa.
Lehemu imetambaa kama njia ya konokono
na kwa ndani, pasipofikiwa na macho ya mnunuzi,
msumari umekwaruza: ASAVA, SHAURI MOYO.

Na kitufe cha tatu si lulu.
Ni senti moja ya zamani, ile yenye tundu,
imepigwa tupa pembeni ikaenea.
Moja, tisa, tano —
tarakimu ya nne imeliwa na tupa.

Asava, hukunihurumia hata kidogo.
Ulikuwa na senti ngapi mfukoni siku ile
hata ukaitoa moja iwe kidole cha mtu mwingine?
Nani alikuletea, kavaa sare gani,
alikaa kwenye kigoda akingoja moto,
au alirudi Jumamosi?
Ulijaribu kuipuliza?

Kadi ya kabati la bendi ina nafasi moja tu:
Mwaka wa kutengenezwa.
Nimeandika kwa penseli, kwa herufi ndogo, zikapita mstari:
huko kwao, baada ya wa nane;
hapa kwetu, hamsini na kitu.
Chini yake, Truphena, darasa la sita,
ambaye ataichukua Jumatano
na tayari analalamika kwamba kitufe cha tatu ni baridi.

Jioni Mbaluka akapiga simu.
Amepata kifuniko cha pistoni kwenye gunia la bomba,
nakihitaji?
Nikamuuliza kama kina namba.
Nilisikia vyuma vikigongana, akikitafuta.
"Namba ipo," akasema. "Lakini bei yangu
bado ni ya kilo."