Saa za Mundhir

Thuraya ameondoka na gari alfajiri kwenda Barka
kufundisha watoto wa watu hesabu za kugawanya.
Wake mwenyewe kaniachia mimi, na karatasi kwenye friji:
usingizi wa kwanza saa tisa, wa pili saa moja.
Mama yangu akavaa miwani, akaisoma, akaguna.
"Alale saa tisa, watu wanatia udhu wa laasiri?
Na saa moja tena, magharibi imeshaingia?"

Ndiyo nyumba yetu ya Mabela hii.
Mke anahesabu saa za Maskati,
mama bado anahesabu saa za Wete,
nami natoka zamu ya usiku uwanja wa ndege,
macho yamejaa mchanga, sijui nafuata saa za nani.
Mundhir ana miezi saba. Yeye saa hana.

Basi tisa yake, tatu yetu.
Dirisha nimeliziba kwa karatasi ya foili,
maana jua la mwezi wa sita huku halibishi hodi,
hupenya hata kwenye tundu la skrubu.
Nepi kavu. Tumbo limeshiba ndizi ya kupondwa.
Sharti la karatasi: mlaze akiwa macho.
Akiwa macho!
Kazini nimefunga mizigo ya kila namna,
sijawahi kufunga sanduku ambalo nguo zake zinatambaa.

Namlaza. Ananikagua kama ofisa wa forodha,
kisha anapaza sauti.
Natoka, nafunga mlango, nakaa chini kwenye marumaru,
simu mkononi: dakika tatu.
Dakika tatu nyuma ya mlango wa mwanao
ni barabara ya Salala ukishaipita Haima,
nyika tupu kulia, nyika tupu kushoto,
na taa ya petroli imewaka.

Mama anapita na buli la chai. Hasemi na mimi,
anasema na buli:
"Sisi tulilala mgongoni, mama anapeta mchele.
Kwani usingizi nao una mtihani?"

Naingia. Simnyanyui, karatasi imekataza.
Nampigapiga kifuani, polepole.
Ananishika kidole. Hilo halikuandikwa.
Natoka. Dakika tano.
Lori la maji la jirani linarudi nyuma, pii, pii, pii.
Kila chenye mlio Mabela kina miadi saa tatu na robo.

Siku ya kwanza nilishindwa, nikalala naye zuliani.
Siku ya pili alishindwa mama:
niliwakuta gizani, kamfunga kwa kanga, anamyumbisha,
wote wawili wakanitazama kama wezi wa kuku.
Ya tatu siikumbuki.
Ya nne alilala dakika kumi na nane.
Niliziandika kwenye karatasi, na jioni Thuraya
akanichorea nyota, kama ya madaftari yake.

Leo ni ya saba. Kilio kinapungua,
bomba linalofungwa na mtu asiye na haraka.
Kinakuwa mnung'uniko, kinakuwa irabu moja,
halafu hata irabu hiyo anaimeza.

Wiki nzima nimekiomba kimya hiki,
sasa kimenitisha.
Nanyata. Naweka kiganja mbele ya pua yake:
joto dogo linakwenda, linarudi.
Ngumi imefunguka yenyewe.

Mama kasimama nyuma yangu, pekupeku.
"Saa ngapi?" ananong'ona.
"Tisa na nusu."
Nangoja aniumbue. Hasemi kitu.
Anakwenda kwenye friji, anachukua kalamu,
na kwa mwandiko wake wa madrasa, mkubwa, ulioinama,
anaandika: tatu na nusu. Kalala.

Thuraya akirudi ataisoma,
atadhani mwanawe alilala usiku wa manane.
Hesabu hiyo nimemwachia mwalimu.
Nafunga mlango wa chumba changu taratibu,
nazima simu,
najilaza nikiwa macho.