Tai Katika Kopo la Vifungo

Chini ya vifungo, tai wa fedha:
anajitupa kama kipanga aliyeona kifaranga.
Makucha matupu.
Shada hupewa aliyeruka vitani,
na babu Zenon aliruka vitani.

Namgeuza. Namba 1403.
Cheti cha babu ukutani kina namba nyingine.

Vita hakuvisimulia.
Alisimulia mnara wa mazoezi huku Uskoti,
kamba iliyomchuna viganja,
na Tadek, fundi saa wa Lwów,
aliyeruka akipiga mluzi,
mwavuli ukagoma.

Basi huyu ni wa Tadek.
Na wa babu, mwenye shada?

Bibi hukumbuka: wiki aliyorudi
alichukua kijiko cha jikoni, akaenda makaburini,
akarudi na tope magotini, kijiko kimepinda.
“Nimepanda maua,” alisema.

Ilikuwa Desemba.